Alama ya kalsiamu sifuri, statini iachwe?

Swali (Wete): Assalamu alaykum. Mgonjwa ana miaka 44, anavuta sigara, CT ya moyo imetoa alama 0 ya kalsiamu (chokaa kwenye mishipa ya moyo). Aachiwe bila statini, dawa ya kupunguza kolesteroli?

Jibu (Unguja): Waalaykum salaam. Hapana, bwana. Kipimo hicho huhesabu kalsiamu tu, kuanzia HU 130 (kipimo cha weupe kwenye picha ya CT). Mafuta laini ndani ya mshipa hayahesabiwi, na katika umri huo ndiyo hutangulia. Kwa mvutaji au mwenye kisukari, sifuri isikutulize. Alama ikifika 100, statini. 400, hatari kubwa.

Jibu (Chake Chake): Tazama na picha zenyewe. Mapigo yakienda mbio, mshipa wa moyo wa kulia hutoka na ukungu, alama ikapotoka. Stenti (kijibomba cha kupanua mshipa) isihesabiwe. Kama kifua kinambana akipanda ngazi, afanyiwe CT ya mishipa yenye dawa ya kung'arisha picha: kreatinini (kipimo cha damu cha figo) kwanza, mapigo yashushwe chini ya 65 kwa dakika.