Nimekadiriwa ushuru nisioukubali: je, ninaweza kujitetea mwenyewe?

Muuza Vipuri, Kirinyaga Road

Ninauza vipuri vya magari. Biashara ni yangu binafsi, si kampuni. Siku 11 zilizopita nilipokea kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), notisi ya makadirio ya ziada ya ushuru wa mapato kwa miaka ya 2022 na 2023. Afisa aliyenikagua alijumlisha kila shilingi iliyoingia katika akaunti yangu ya benki na katika namba yangu ya till, ile ya kupokelea malipo ya wateja kwa simu, akaiita yote mauzo, kisha akaondoa tu kiasi nilichokuwa nimetangaza. Wakili niliyemwendea alinitajia malipo yanayokaribia nusu ya ushuru wenyewe, ndiyo maana nafikiria kujitetea. Je, sheria inaniruhusu, na nianzie wapi? Sijawahi kusimama mahakamani hata kwa kosa la trafiki.

Mhasibu Mstaafu, Buruburu

Ndugu yangu, inakuruhusu. Mlipa ushuru anaweza kufika mwenyewe mbele ya Jopo la Rufaa za Ushuru, au kuwakilishwa na wakili au wakala wa ushuru. Hata hivyo, jopo liache kwanza, kwa sababu hujafika huko na huenda usifike. Kilicho mbele yako ni pingamizi kwa Kamishna wa ushuru, ambalo Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inataka liwasilishwe ndani ya siku 30 tangu ulipopewa notisi. Zimekubakia 19, na usiitegemee ya mwisho, kwani mtandao una tabia ya kukwama siku hiyo hiyo.

Pingamizi halikamiliki kwa kuandika kwamba umeonewa. Lazima lieleze hoja zako waziwazi, liseme ni tarakimu zipi zirekebishwe na kwa nini, liambatanishwe na hati zote zinazohusika, na ile sehemu ya ushuru unayoikubali iwe imelipwa au umeafikiana na Kamishna jinsi ya kuilipa. Sehemu unayoipinga hulazimiki kuilipa ili usikilizwe.

Kumbuka pia kwamba mzigo wa kuthibitisha uko kwako, si kwa afisa. Kwa hiyo kazi kubwa ni jedwali. Chukua taarifa za benki na za till za miaka yote miwili, upitie kila kiasi kilichoingia, na kando yake uandike kilitoka wapi na ni karatasi gani inayothibitisha. Tazama kwanza fedha ulizohamisha kutoka kwenye till kwenda benki, kwa maana katika hesabu ya aina hiyo shilingi moja huhesabiwa mara mbili: mteja anapolipa, na tena wewe unapoipeleka benki. Halafu tenga mikopo pamoja na mikataba yake, fedha za chama (kikundi cha kuchangiana) pamoja na daftari la chama, na fedha ulizotumiwa na jamaa kwa matanga au karo. Zitakazobaki ni mauzo, lakini hata hizo si faida yote. Dai gharama ya kununulia mali, kodi ya duka na mishahara, kwa risiti. Sharti la kwamba gharama iwe na ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya KRA, ndipo ikubaliwe lilianza tarehe 1 Januari 2024, nawe unakadiriwa kwa miaka ya kabla ya hapo, kwa hiyo usikubali risiti zako za kawaida zikataliwe kwa sababu hiyo peke yake.

Mama wa Vitambaa, Eastleigh

Naongeza jambo moja ambalo liliniumiza kwa kosa langu mwenyewe. Katika pingamizi langu niliandika hoja mbili tu, nikidhani nyingine nitazisema nikifika mbele ya jopo. Sheria inamfunga mrufani kwenye hoja alizozitoa katika pingamizi, isipokuwa aombe ruhusa na apewe. Niliomba, nikakataliwa. Kwa hiyo, kaka, kila hoja unayoiamini iandike sasa, hata ile unayoiona ndogo.

Kamishna ana siku 60 za kuamua tangu apokee pingamizi halali, na zikipita bila uamuzi, pingamizi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Basi hifadhi vizuri uthibitisho wa tarehe uliyowasilisha. Akikukatalia, una siku 30 za kutoa notisi ya rufaa kwa jopo, kisha siku 14 za kuwasilisha memoranda ya rufaa (hati ya hoja zako), taarifa ya mambo yalivyotokea, na nakala ya uamuzi unaoupinga. Ada ambayo mimi nililipa ilikuwa shilingi 20,000, nayo hairudishwi. Wanajopo niliwakuta watu wa kusikiliza. Walichotaka ni kuonyeshwa ukurasa, na kwa kuwa nilikuwa nimepiga namba kurasa zangu zote sikupata shida.

Wakala wa Ushuru, South B

Hata rufaa ikishawasilishwa, mnaweza kuomba kusuluhisha nje ya jopo, na muda wa mazungumzo hayo tangu 2023 ni siku 120. Kwa mzozo wa fedha zilizoingia benki, naona njia hii inafaa kuliko zote, kwa sababu pande mbili huketi na jedwali lile lile na kukubaliana mstari kwa mstari. Usisahau tu kwamba riba ya asilimia 1 kwa mwezi huendelea kuongezeka juu ya kiasi kitakachoonekana kuwa kweli unadaiwa.

Muuza Vipuri, Kirinyaga Road

Nawashukuru nyote. Jana usiku nilianza na Machi 2022 peke yake. Kati ya shilingi 640,000 zilizoitwa mauzo ya mwezi huo, 215,000 nilikuwa nimezihamisha mwenyewe kutoka kwenye till, na 90,000 zilikuwa za chama, kwa kuwa mwaka ule mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina. Daftari liko kwa katibu wetu, Kayole. Ninalifuata Jumamosi.