Mtoto wa chekechea na kikapu cha mtandaoni: serikali iingilie au ni kazi ya mzazi?

Mleta mada, Mbeya mjini
Wakuu, salaam. Binti yangu ana miaka mitano. Kusoma bado anaunganisha silabi, ila kwenye simu yangu anajua pa kubonyeza mpaka mdoli uingie kikapuni. Jana nimekuta jiko la kuchezea, gari la rimoti na mbwa anayebweka. Baba yake anacheka tu, eti mtoto anajifunza teknolojia. Mimi nasema matangazo yanayolenga watoto yapigwe marufuku. Uswidi imeyakataza kwenye televisheni tangu 1991 kwa walio chini ya miaka 12. Quebec kule Kanada ni tangu 1980, chini ya miaka 13. Sisi tunashindwa nini?

Mchangiaji, Kihesa, Iringa
Dada, hiyo ya Uswidi ilivuja mapema. Chaneli zilizorushwa kwa setilaiti kutoka London ziliendelea kuwaonyesha watoto matangazo. Sasa hizi video za watoto wenzao wanaofungua maboksi ya midoli utazikamatia wapi? Nyingi hata hazijiiti tangazo. Mwenye namba ya siri ndiye mwenye kauli, basi. Na usilipe naye yuko ubavuni. Tarakimu nne anazishika kwa macho hata kama hesabu hajui.

Fundi simu, Mwanjelwa
Wengi mkiulizwa kama kadi ihifadhiwe mnabonyeza ndiyo. Ifuteni. Na duka la programu liwekeni lidai nenosiri kila manunuzi.

Mzazi, Uyole
Mnafunga simu, hamu mnaiacha palepale. Wangu nampeleka soko la Sido na elfu tano yake mkononi. Anashika kigari, anakigeuza, anazungusha gurudumu, likilegea anakirudisha mwenyewe na kuulizia kingine. Mtandaoni picha haina kipimo: unaona gari la kupanda, likishushwa kwenye basi la Dar linaenea kiganjani. Kilio chake hapo sitaki hata kusimulia.

Mleta mada
Wa Uyole, hilo la Sido nalichukua. Ila wa Kihesa hujanishawishi. Tukisubiri sheria isiyovuja hatutapata yoyote. Video za Kiswahili zinazotengenezwa hapahapa nchini, zenye midoli ya kuuza ndani yake, si tungeanzia hizo?

Mchangiaji, Kihesa
Za hapahapa, sawa, nakuunga mkono. Lakini mtoto wako anaangalia hizo, au za Marekani?

Mleta mada
Za Marekani. Ndiyo shida.