Uluru: hatimiliki ya wenyeji, hifadhi ya serikali. Inawezekanaje?

Ramani_Ndefu:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Uluru, ule mwamba mkubwa kule Australia, ilirudishwa kwa Waanangu, wenyeji wa asili wa pale, mwaka 1985, lakini bado ni hifadhi ya taifa na watalii wanaingia kama kawaida. Mtu anamilikije ardhi ambayo serikali inaendelea kuisimamia? Na kwa nini wenyeji hawakumaliza jambo mahakamani, hadi bunge likaingilia?

Wakili_wa_Mpakani:
Njia ya madai walishaijaribu, ikagonga ukuta. Sheria ya Haki za Ardhi ya 1976 ya Northern Territory, eneo la Australia ilipo Uluru, iliruhusu kudai ardhi ya serikali ambayo bado haijamilikishwa chombo chochote. Mwaka 1977 Uluru ikatangazwa hifadhi, ardhi ikawa chini ya Mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa. Dai lilipopelekwa 1979, eneo la hifadhi likahesabiwa limeshamilikishwa, kwa hiyo halidaiki. Wakapewa ardhi ya pembeni, jiwe lenyewe likabaki nje.

Kwa hiyo bunge la shirikisho likarekebisha sheria mbili mwaka 1985. Ile ya ardhi, ili hatimiliki iweze kutolewa, na ile ya hifadhi, ili kuwe na bodi yenye wenyeji wengi. Ukirekebisha ya kwanza peke yake, unawapa watu karatasi tu, bila sauti kwenye usimamizi.

Tarehe 26 Oktoba 1985 Gavana Mkuu Ninian Stephen akakabidhi hati kwa mfuko wa ardhi wa Waanangu. Ni miliki isiyouzika. Papo hapo ukasainiwa mkataba wa kuipangisha ardhi hiyo kwa Mkurugenzi. Hapo ndipo jibu lako lilipo: serikali ni mpangaji.

Hati_Mkononi:
Nakazia hapo kwenye mkataba, maana watu hushangilia hati na kusahau kusoma masharti ya upangaji. Mazungumzo yalianza na miaka 50. Dakika za mwisho serikali ikataka 99, tena upandaji wa jiwe uendelee, ilhali waziri mkuu Hawke alishaahidi kuuzuia. Waanangu wakakubali kwa sababu vinginevyo hati isingetoka. Mnyororo wa chuma wa kushikwa na wapandaji, uliokuwa umefungwa kwenye mwamba tangu 1964, ukabaki pale pale, juu ya njia wanayoiheshimu.

Uliondoka kwa nguvu ya bodi. Wajumbe ni 12, na 8 kati yao huteuliwa na wenyeji. Mpango wa usimamizi uliweka kipimo: wapandaji wakishuka chini ya asilimia 20 ya wageni, njia inaweza kufungwa. Bodi ikapiga kura 2017, njia ikafungwa 26 Oktoba 2019, miaka 34 kamili baada ya makabidhiano. Ndiyo maana nasema pigania viti vya bodi kabla ya sherehe. Kuhusu fedha, wenyeji hupata pango la mwaka na asilimia 25 ya viingilio.

New South Wales, jimbo jingine la Australia, walifuata njia yao kwa sheria ya 1996. Hifadhi ya Mutawintji ikawa ya kwanza kurudishwa, 1998. Huko pango huingia kwenye akaunti ya kuendesha hifadhi yenyewe, haligawiwi kwa watu. Anayetarajia hela ya mfukoni alijue hilo mapema.

Ramani_Ndefu:
Asanteni sana. Je, kwa Kenya mlango upo?

Wakili_wa_Mpakani:
Soma Katiba ya 2010 kwa makini, ndugu. Ibara ya 63(2)(d)(ii) inaitambua ardhi ya asili ya jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Ibara ya 62(1)(g) inaorodhesha ardhi ya umma: kwenye misitu ya serikali umewekwa msamaha kwa misitu ya jamii inayotajwa na ibara ya 63(2)(d)(i), lakini hifadhi za taifa hazikuwekewa. Waogiek, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa msitu wa Mau, wamo kwenye upande wa msitu, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliwapa ushindi dhidi ya serikali ya Kenya 2017, kisha 2022 ikaamuru wapewe hati ya pamoja. Jamii ambayo ardhi yake imeshakuwa hifadhi ya taifa haina msamaha huo. Jamii hiyo itaanza na muswada, na kwenye muswada huo muundo wa bodi na muda wa upangaji viandikwe ndani ya sheria yenyewe. Vikiachwa kwenye kanuni za waziri, waziri ajaye atavibadilisha.