Je, nisubiri ofisi inipeleke masomoni au nijilipie mwenyewe?

Mkazi wa Nkuhungu:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni msaidizi wa kumbukumbu katika ofisi ya umma iliyohamia Mtumba, nikiwa na astashahada. Tangu niajiriwe naambiwa zamu yangu ya masomo itafika. Sasa nafikiria kujilipia shahada ya uongozi wa biashara Chuo Kikuu Huria, kwa kuwa kina kituo hapa Dodoma na nitasoma bila kuacha kazi. Je, nianze?

Afisa Utumishi Mstaafu:
Mdogo wangu, kabla hujalipa ada, usome mwenyewe Muundo wa Maendeleo ya Utumishi wa kada yako, kwa maana humo ndimo zilimoandikwa sifa za kila cheo. Shahada isiyotajwa humo itakulazimu kuomba kubadilishwa kada, jambo linalotegemea nafasi kuwamo katika ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na katika bajeti, na wapo wenye vyeti vizuri waliokwama hapohapo. Kisha andika barua ya kuomba kibali, ipitie kwa mkuu wako wa kitengo, nawe ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mtu wa masijala, ofisi ya kutunza majalada, hahitaji kuelezwa jinsi folio moja, yaani barua moja yenye namba yake jaladani, inavyomaliza ubishi. Angalia pia majira. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na bajeti hujadiliwa bungeni kuanzia Aprili, hivyo ombi la kugharamiwa likifika Mei limekuta sahani zimeshaoshwa.

Mama wa Area C:
Shikamoo mkuu. La kibali nakubali, ila sioni kwa nini mtu ajifunze kile tu kinachompandisha cheo. Ofisi nyingi za serikali zinaendelea kuhamishia majalada kwenye mfumo wa ofisi mtandao, na katika masijala nyingi nilizozifahamu ni mtu mmoja tu anayeweza kuskani barua, kuifungulia jalada na kuielekeza kwa mhusika bila kupiga simu kuomba msaada. Mdogo wangu, uwe wewe. Hilo halina ada.

Mkazi wa Nkuhungu:
Nawashukuru sana. Muundo nitauomba Jumatatu, na kama nilivyoelewa, huenda shahada ya kumbukumbu na nyaraka ikanifaa kuliko ile ya biashara. Mama, mafunzo ya mfumo huo huombwa kwa nani?

Mama wa Area C:
Kitengo cha TEHAMA, lakini mwambie kwanza mkuu wa masijala, asije akalisikia kwa watu wengine.