Mama kaambiwa mpira wa dayalisisi anawekewa radiolojia, si thieta. Ni sawa?

mpwa_wa_mbagala:
Wakuu, salaam. Bimkubwa figo zimegoma, anasafishwa damu kwa mpira wa muda waliomwekea pajani. Daktari wa figo anataka utolewe, awekewe wa kukaa muda mrefu kifuani, ila katuandikia twende kwa wataalamu wa radiolojia. Bro mkubwa kagoma: wapiga picha wamchane mama tena bila usingizi? Mliopitia naombeni mwongozo.

nesi_wa_zamu:
Pole kwa kuuguza. Hao si wapiga picha, ni madaktari bingwa wanaotibu huku wakiongozwa na picha. Pale Muhimbili, timu za Chuo Kikuu cha Yale kutoka Marekani zilianza kuja kuwafundisha wenzetu 2018. Na hakuna kuchana kwa maana anayoiogopa bro, ni vitundu viwili vidogo. Wanautafuta mshipa wa shingo, hasa wa kulia, kwa ultrasaundi, wanapiga ganzi, wanachoma sindano, waya mwembamba unapita ndani yake, kisha mpira unafuata waya. Mbinu hiyo ya waya aliitangaza Mswidi Seldinger mwaka 1953, naye mtu wa radiolojia! Mpira unapitishwa chini ya ngozi na kutokea kifuani, eksirei ikiwaonyesha ncha ilipofika moyoni. Una kola ya kitambaa. Nyama ikiota pale ndani ya wiki chache, haung'oki ovyo na vijidudu havipenyi kirahisi.

mzee_wa_tanga:
Sawa, ila mpira ni mpira. Marehemu baba alitetemeka kwa homa katikati ya kusafishwa, kumbe vijidudu viko kwenye damu. Mkiona hivyo msimpe panado mkalala. Na fistula ya mkono, yaani ateri na vena zinazounganishwa kwa upasuaji ili damu isafishwe kupitia hapo badala ya mpira, ulizeni sasa hivi, kukomaa huchukua wiki 6 hadi miezi 3. Mkono huo usitolewe damu wala kuwekewa dripu.

mpwa_wa_mbagala:
Shukrani mzee. Anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, je? Na kuoga?

nesi_wa_zamu:
Dawa mtaje mapema, msiisimamishe wenyewe; watampima damu kwanza. Kuoga, kifuani ajifute tu, kidonda kisilowe. Nje ya kitengo cha dayalisisi asikubali mtu aufungue, hata kwa kumchoma sindano ya malaria. Ukichomoka, kandamizeni kwa kitambaa safi, shingoni na kifuani, mkimbilie hospitali.

mpwa_wa_mbagala:
Bro kasoma yote. Sasa anataka aingie naye ndani 😀

nesi_wa_zamu:
Mle kuna mionzi. Anunue chai yake, akae nje.