Safari ya darasa la tano likizo ya Septemba: Moro kwa SGR au tuzunguke mjini hapahapa?

mama_la_tano (Mbagala):

Habari za jioni wadau. Naomba mawazo kabla kundi la wazazi halijasambaratika.

Shule yetu ni ya serikali, huku Mbagala. Watoto wa la tano ndio wale walioanza la tatu 2024 na mtaala mpya, ambao msingi unaishia la sita, kwa hiyo 2027 wanamaliza, mwaka mmoja na kaka zao wa la saba. Mwakani ni mitihani tu, nani atataka kusikia habari za matembezi? Basi kwenye kikao cha wazazi, mwalimu mkuu alipomaliza ya matundu ya vyoo na deni la uji, baba mmoja akasimama akasema likizo fupi ya Septemba watoto watolewe kidogo, wakaone mambo. Makofi. Ikaundwa kamati, mimi nikapewa uhazini kwa sababu eti naandika namba zinazosomeka.

Sasa tumegawanyika. Kuna wanaotaka SGR, ile treni ya umeme, mpaka Morogoro, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Nauli iliyotangazwa 2024 treni ilipoanza ni 13,000 mtu mzima, mtoto wa miaka 4 mpaka 12 nusu. Mzazi mmoja na mtoto mmoja, kwenda na kurudi, ni 39,000. Hapo hamjala, hamjatoka hata Rangi Tatu kufika stesheni. Wengine tunasema Makumbusho ya Taifa, halafu pantoni mpaka Kigamboni, watoto wachezee maji, magharibi tuko nyumbani.

Watoto wenyewe wanataka SGR. Wangu anaichora nyuma ya daftari la Hisabati, na mabehewa anayahesabu.

Wenye uwezo wanasema mchango uwe 50,000, asiyeweza abaki. Darasa lina watoto zaidi ya mia. Walioandika "nipo" kwenye kundi ni wachache, tena ni walewale ambao hata hela ya uji hawadaiwi. Wengine wamesoma wakanyamaza, zile tiki mbili za bluu tu. Kuna mama anauza mihogo ya kukaanga getini, alikuwa ananipigia stori kila asubuhi. Siku hizi nikipita anajifanya anageuza mihogo.

Ingekuwa nyie mngefanyaje?

mwenyeji_kihonda:

Dada, mimi niko Moro, nikwambie ukweli. Stesheni ya SGR iko Kihonda, mjini ni mbali. Mkishuka na lile jeshi mtahitaji magari ya kuwaingiza mjini, na hapo ndipo madereva wa bajaji watakapowaonea. Halafu mjini mnaenda wapi? Uluguru ni nzuri kuitazama, ila kuipanda na watoto wa miaka kumi na akina mama waliovaa ndala si mchezo. Mtaishia kula chipsi huku mnaangalia saa.

Raha yenyewe iko ndani ya treni. Karibu kilomita 200 chini ya saa mbili, inafika 160 kwa saa, nguzo zinapita hata kuhesabu huwezi. Mkishashuka, kilichobaki ni jua.

Na tiketi inakatwa kwa jina la kila abiria. Mhazini, jiandae kuandika majina usiku kucha.

mwl_zamu:

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwalimu wa msingi, si wa shule hiyo.

Mama, amueni kwanza hii ni safari ya nani. Ikiwa ya shule, mwalimu mkuu lazima aombe kibali kwa afisa elimu, pawe na walimu wa kusimamia, basi likaguliwe, na barua ya ridhaa ya kila mzazi iwe faili. Mkiamua leo kwa ajili ya Septemba mmeshachelewa. Ikiwa ni familia zinazotembea pamoja siku ya likizo, kila mtoto na mkubwa wake, hiyo haituhusu sisi walimu. Ila msivae fulana za shule, msiweke bango lenye jina la shule. Mtoto akipotea feri, anayepigiwa simu ni mwalimu mkuu.

Kuhusu hela: tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, michango ya shuleni ni ya hiari. Nanyi ni wazazi, si shule, kwa hiyo hakuna wa kuwashtaki. Lakini Jumatatu baada ya likizo mimi ndiye ninayeingia darasani. Nitakuta watoto thelathini wanaigiza honi ya treni na sabini wanatazama dawati. Huyo aliyesema asiyeweza abaki aje anisaidie kufundisha siku hiyo.

Kwa upande wa masomo, Makumbusho ya Taifa ni mahali pake. La tano wana somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Waoneni fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu, aliloliokota Mary Leakey pale Olduvai 1959, waoneni magari aliyopanda Nyerere. Wavulana hawatoki kwenye yale magari, nawajua.

mama_la_tano:

Mwalimu marahaba, na hayo ya Jumatatu nimeyabeba kama yalivyo nikayabandika kwenye kundi. Kimya dakika kumi, halafu baba wa SGR akajibu: "Kwa hiyo kwa sababu wengine hawana, wangu asipande treni?" Nami sikumlaumu sana. Mtoto wake kapata wastani wa A na alimwahidi.

babu_wa_pugu:

Wanangu, kwani ni lazima mfike Moro?

Treni ya kawaida inasimama Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere kabla ya Moro. Ile ya haraka ndiyo inayowapita. Nauli zilipotangazwa, kutoka Dar mpaka Pugu ilikuwa 1,000, mpaka Ruvu 5,000. Mtoto nusu. Piga hesabu, mhazini: mama na mtoto mpaka Pugu ni 1,500 kwenda tu. Stesheni ileile, ngazi za umeme zilezile ambazo watoto watataka kupanda mara mbili, kiti kilekile. Mtoto hakuulizi umelipa shilingi ngapi.

Mtaniambia kilomita 19 ni fupi. Ni fupi kweli, utafika hujamaliza kufungua pakiti ya karanga. Wenye uwezo waendelee Ruvu, warudi na treni ya jioni, nani kawazuia? Ila wote waondoke stesheni pamoja, behewa moja ikiwezekana.

Na Pugu si pa kushuka na kugeuza. Pugu Sekondari, enzi hizo St. Francis, ndipo Nyerere alipokuwa anafundisha kuanzia 1953. TANU imezaliwa Julai 1954 yeye akiwa mwalimu wa hapa, na 1955 akaacha kazi aendelee na siasa. Vijana wanasema "Mwalimu, Mwalimu" wala hawajui alikuwa mwalimu wa wapi. Ukipanda mbele kuna misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, upepo ni mwingine kabisa. Wazaramo tuliokulia huku tunauonea wivu wenyewe.

mwl_zamu:

Babu shikamoo. Hapo umetuzidi wote.

mama_la_tano:

Babu, shikamoo mara mbili. Nimepeleka Pugu kwenye kundi pamoja na hesabu. Mama wa mihogo ndiye wa kwanza kuandika "nipo", akafuata baba mwenye watoto wawili la tano, mapacha, ambaye mwaka mzima hajawahi kuandika neno. Mpaka saa hizi majina yamepita sitini. Baba wa SGR anasema Pugu ni kama kwenda dukani, yeye na wenzake wataendelea Ruvu. Sawa. Ameahidi pia ataenda stesheni Jumamosi kuuliza dirishani ni treni ya saa ngapi inayosimama Pugu siku tunayoitaka, maana ana pikipiki.

Hakuna mchango. Kila mmoja anakata tiketi yake, mimi nabaki mhazini asiye na hata senti. Makumbusho tumeihamishia Desemba.

Babu, pale sekondari tunaingia tu au kuna utaratibu? Na kutoka stesheni tunatembea?

babu_wa_pugu:

Marahaba. Msiingie tu, ile ni shule ya watu. Mmoja wenu atangulie wiki moja kabla aonane na mkuu wa shule, aseme idadi na saa. Kutoka stesheni chukueni daladala, kilima kile kitawatoa roho wenye watoto mgongoni. Njooni na maji ya kutosha.