MJADALA: Kabaila akimwoa msichana wake wa kazi, tuite mapenzi?

Ndugu zangu, mada hii ina muda inanisumbua. Dada yangu ni msomaji mkubwa wa zile hadithi za mapenzi za Uingereza ya Malkia Victoria: jumba kubwa shambani, kabaila mwenye ardhi, msichana wa kazi, mwishowe ndoa. Juzi nilimwambia hadithi hizo zinapamba uonevu. Akanijibu kwamba mimi ndiye ninayewadharau wale mabinti, kana kwamba hawakuwa na moyo wa kupenda. Jibu hilo limeniingia. Kwa hiyo nauliza: kati ya bwana na mtumishi wake, mapenzi ya kweli yaliwezekana?

Nianze na kisa kilichotokea kweli, miaka michache kabla Victoria hajatawala. Jumba linaitwa Uppark, liko Sussex, kusini mwa Uingereza. Mwenye nyumba, Sir Harry Fetherstonhaugh, alikuwa kapera aliyepita miaka 70. Mwaka 1825 alimwoa Mary Ann Bullock, binti aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia miaka ya ishirini, kazi yake chumba cha maziwa: kuengua malai, kusukasuka maziwa apate siagi. Inasimuliwa kwamba mzee alimsikia akiimba, akaenda mlangoni akamposa palepale. Binti akabaki ameduwaa. Mzee akamwambia asijibu sasa. Kama amekubali, akate kipande kwenye paja la kondoo litakaloletwa mezani siku hiyo. Nyama ilipofika, kipande kilikuwa kimeshakatwa.

Dada yangu anakipenda mno kisa hicho, na hata mimi kinanigusa. Lakini hebu itazameni ile nyama. Jiko la Uppark lilikuwa jengo la pembeni, na chakula kilipitishwa kwenye handaki chini ya ardhi ili watumishi wasionekane uani. Binti anatoa jibu la maisha yake yote kwa kisu, kwenye chakula cha tajiri wake, akiwa upande wa pili wa handaki. Paja lingefika zima, je, kesho yake angeamkia kazini kwa amani? Hilo halisimuliwi.

Tena Sir Harry huyohuyo, mwaka 1781, alimleta Uppark binti mwingine, Emma, mtoto wa mhunzi, miaka 16. Aliposhika mimba akaondoshwa. Barua aliyomwandikia Charles Greville, rafiki aliyemkimbilia, ipo hadi leo: analia kwamba amemwandikia Sir Harry barua saba na hakujibiwa hata moja. (Ndiye aliyekuja kuwa Lady Hamilton, mpenzi wa Nelson, kamanda maarufu wa jeshi la majini la Uingereza.) Nyumba ileile, mwanamume yuleyule. Mmoja kaolewa, mwingine katupwa, na mara zote mbili mwenye kauli alikuwa mmoja.

Enzi za Victoria zenyewe, wasichana wengi yaliwakuta ya Emma kuliko ya Mary Ann. Sheria ya maskini ya mwaka 1834 ilimtwisha mama mzigo wa mtoto wa nje ya ndoa peke yake. Mwaka 1844 aliruhusiwa kumshtaki baba, lakini alitakiwa awe na ushahidi zaidi ya maneno yake mwenyewe, na akishinda, malezi ya kawaida hayakuzidi shilingi 2 na peni 6 kwa wiki. Na kilichoniuma kuliko sheria ni ile barua ya tabia njema. Bila barua kutoka kwa mwajiri wa mwisho, msichana hapati kazi nyumba nyingine. Sasa fikirini: anayekutongoza ndiye anayekulipa, na ndiye wa kukuandikia hiyo barua. Unamkataa vipi?

Hata hivyo siwezi kusema haikuwezekana kabisa, kwa sababu ya Hannah Cullwick. Alizaliwa Shifnal, Shropshire, mwaka 1833, akaanza utumishi akiwa na miaka 8. Mwaka 1854, London, alikutana na Arthur Munby, mwanasheria na mshairi. Walioana kwa siri mwaka 1873, baada ya miaka 19. Hannah aligoma kugeuzwa bibi wa tabaka la juu. Alitaka kuendelea na kazi za mikono yake, na shajara zake zimejaa viatu alivyong'arisha na sakafu alizosugua. Baadaye alirudi kuishi Shropshire, Munby akawa anamfuata huko. Lililonifanya nifikiri upya ni kwamba karibu miaka yote ya uchumba wao alikuwa akitumikia familia nyingine. Mshahara wake haukutoka kwa Munby. Siku ambayo angechoka naye, angeondoka na riziki yake mkononi.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: tofauti ya tabaka haikuzuia mapenzi. Kilichoyatia sumu ni mkate wa msichana kushikwa na yuleyule anayemtaka.

NYONGEZA: Mchangiaji mmoja ameniuliza, mbona Mary Ann aliishia kurithi jumba? Ni kweli. Sir Harry alifariki mwaka 1846 akamwachia kila kitu, naye akaishi pale hadi alipofariki mwaka 1874, akahakikisha vyumba vinabaki vilevile mumewe alivyoviacha. Hapo dada yangu ananishinda, na nakiri. Sidhani mjane asiyempenda mumewe angetunza kumbukumbu yake hivyo kwa miaka 28. Ila mimi bado niko kwenye siku ya ile nyama. Wale mnaosema alikuwa huru, naomba mnioneshe: angekataa, angekwenda wapi?